Tunapima Kushona au Tunapima Kusikia?

Jumamosi alasiri baadhi yetu hutumwa kwenye jumuiya ndogo ndogo za Lemara kwa utume. Tunasali na familia, tunafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na mara nyingi tunaishia kibarazani tukipewa chai. Katika kibaraza kimoja cha namna hiyo, mama mmoja alitutolea suruali ya shule iliyoshonwa na mwanawe, akaigeuza ndani nje, akasema: "Frateri, hebu angalieni huo mshono. Una kasoro gani?" Hatukuiona. Na wawili kati yetu tumekuzwa na mama zetu washonaji, kwa hiyo si wageni kabisa wa cherehani.

Kijana mwenyewe ni kiziwi. Alijifunza ushonaji katika kituo kimoja cha ufundi, na ulipofika upimaji wa ndani, ule unaoamua nani aandikishwe kwa mtihani wa mwisho, aliandikiwa kwamba hajamudu. Sehemu ya upimaji huo ilikuwa maswali ya mdomo. Mtahini aliuliza huku ameinamia karatasi yake, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo, na kijana hakujibu. Sisi tunasema hakuulizwa. Leo anashona kwa fundi mwingine, analipwa kwa kipande, chini ya cheti cha mtu mwingine kilichobandikwa ukutani. Mama anasema shule zinazotoa kazi ya sare huangalia ukuta kwanza.

Mwaka huu darasani tunasoma maadili ya Aristotle. Katika kitabu cha tano anapoeleza haki, anataja mafundi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia kipimo cha risasi (si ya bunduki, ni yale madini laini). Kipimo kile kilijikunja kufuata umbo la jiwe. Tulipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza tulikiona kama mfano wa kupendeza wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Baada ya kibaraza cha Lemara tulikirudia kwa macho mengine. Jiwe lilibaki jiwe na ukuta ulitakiwa usimame. Kilichokunjwa ni kipimo, ili kipime kweli kilichopo.

Mwenzetu mmoja alipinga kwa nguvu. Alisema cheti kikilegezwa kinabaki karatasi tu, na watakaoumia kwanza ni hao hao wenye ulemavu, maana mwajiri atanong'ona kwamba vyeti vyao ni vya huruma. Hoja hiyo ni nzito na hatuikwepi. Fundi umeme asiyejua kuunganisha waya salama asipewe cheti, awe kiziwi au anasikia, awe mwanamke au mwanamume. Lakini hapo ndipo swali linapozaliwa: katika kila kipengele cha upimaji, tunapima nini? Kukata kitambaa bila kukipoteza ni ushonaji. Kuweka kola ikae sawa ni ushonaji. Kusikia sauti ya mtahini si ushonaji. Maswali yale yangeandikwa kwenye karatasi, kijana angeyasoma na kuyajibu, na gharama yake ingekuwa karatasi moja. Tunakubali kwamba si kila kitu ni rahisi hivyo. Karakana yenye ngazi haigeuki kwa siku moja kuwa ya mtu wa kiti cha magurudumu, na vituo vingi vidogo vinaishi kwa ada ndogo. Lakini ugumu wa ngazi usitumike kusamehe ukosefu wa karatasi.

Sheria haikukaa kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inataja mafunzo ya ufundi waziwazi. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa upande wa Kanisa, Mtakatifu Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alitenga sehemu nzima kuhusu mtu mwenye ulemavu na kazi, na mafunzo ya ufundi yamo. Hata VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa anachokijua na kupewa cheti bila kuulizwa alikaa darasa gani. Kwa hiyo wazo la kukifuata kipimo hadi kwa mtu si geni kwetu.

Kinachokosekana, kwa maoni yetu, ni daftari. Tuliuliza katika vituo viwili tunavyovifahamu: mna wasichana wangapi? Namba ilitolewa papo hapo, maana wafadhili huiuliza. Tukauliza: walioanza umeme na ufundi magari, ni wangapi waliofika kwenye upimaji, na wangapi walipata cheti? Watu wakatazamana. Wenye ulemavu waliokuja kuomba wakaondoka bila kupokelewa hawakuandikwa popote, na asiyeandikwa hawezi kuhesabiwa kama aliyenyimwa. Msichana aliyeacha katikati kwa sababu amejifungua anaonekana kwenye orodha kama "mtoro", ingawa tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango wa kurudi shuleni kwa wasichana kama yeye. Vituo vyetu vya Kanisa vingeweza kuanza na safu nne tu kwenye daftari, walioomba, waliopokelewa, waliopimwa na waliopata cheti, na pembeni sababu ya kila aliyepungua. Halafu mtu mmoja, asiyekuwa mtahini, alisome kila mwisho wa mwaka mbele ya bodi.

Tungependa kuishia hapo, tukinyooshea vituo kidole. Lakini nafasi za kituo kile zilitangazwa kanisani, baada ya Komunyo, kwa kipaza sauti, na aliyesoma tangazo lile alikuwa mmoja wetu. Alilisoma vizuri, akaikunja karatasi, akairudisha ofisini. Kijana alipata habari siku ya mwisho ya kuomba, kwa sababu binamu yake alimwandikia ujumbe wa simu.

Tumemwomba Paroko, naye ameruhusu kila tangazo la masomo na kazi libandikwe mlangoni mwa kanisa kabla ya Misa ya kwanza. Lugha ya alama bado hatuijui hata mmoja. Mama anasema mwanawe yuko tayari kutufundisha kuanzia Jumamosi ijayo, ila ana sharti moja: tusiongee wote kwa pamoja.