Pima Maneno, Usimpime Msemaji

Kuna watu ambao hukubali bila taabu kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa, lakini neno lilo hilo likitoka kinywani mwa mke, mtoto au jirani, huligeuza kuwa tusi. Huenda nawe ni mmoja wao.

Tuseme una ploti Kitengela. Anabisha langoni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali mnamo Septemba 2023. Anakupima presha na kukuambia ni 160 kwa 100. Ni msichana, rika la kitindamimba wako. Aghalabu mwanamume hucheka, akadai mashine ni mbovu, kisha akafunga lango. Lakini mashine haijui umri wa aliyeishika! Na presha haina haraka ya kujitangaza. Wengi huijua siku ya kiharusi.

Kaunti hii ya Kajiado inao wazee waliosikia. Nice Nailantei Leng'ete wa Kimana alikuwa mtoto alipotoroka ukeketaji, na hatimaye babu yake, mzee mwenye heshima zake, akakubali asikeketwe. Baadaye, akishirikiana na shirika la Amref, alijaribu kuzungumza na morani, nao mwanzoni hawakutaka kumsikiliza mwanamke. Ilichukua miaka. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwepo tangu 2011, ila mnamo 2014 wazee wa Kimaasai wenyewe walitangaza kuuacha. Msichana huyo alikabidhiwa fimbo nyeusi ya uongozi, ambayo kwa desturi ni ya wanaume. Sidhani wazee hao walipungukiwa na heshima hata chembe.

Basi wewe ufanyeje? Usijibu papo hapo. Uliza: umeona nini, na tangu lini? Mkeo akisema umekohoa wiki mbili, hajakutukana. Amehesabu siku ambazo wewe hukuzihesabu, na kikohozi cha muda huo kinafaa kupimwa kifua kikuu. Mtoto akisema unaamka mara nne usiku kwenda msalani, kapimwe sukari.

Kushukuru si kukubali kila kitu. Anayekushauri uache dawa za hospitali unywe mchanganyiko wake, mshukuru na umwache aende zake. Hajaona chochote mwilini mwako; anauza.

Na hasira ikipanda, omba muda hadi kesho, mradi kesho hiyo ifike. Kama huiamini mashine ya yule msichana, nenda zahanati upimwe tena. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, keti utulie dakika tano, mkono uegemee meza. Ukisomewa tena 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari, na ukirudi nyumbani umfungulie yule msichana lango.