Baada ya Ngiri, Korodani Itazamwe Tena

Mtoto wa kiume anapopasuliwa ngiri ya kinena, wazazi aghalabu hulitazama jeraha tu; likipona, huamini kazi imekwisha. Imani hiyo haifai, kwa maana korodani iliyokuwa mahali pake kabla ya upasuaji yaweza baadaye kupanda na kunasa kinenani.

Chanzo chake kimo katika maumbile. Korodani huumbika tumboni, karibu na mafigo, kisha hushukia katika mfuko wake, kwa kawaida kabla ya mtoto kuzaliwa. Njia iliyopitia hupaswa kuziba. Isipoziba, utumbo huweza kuteremkia humo, na hiyo ndiyo ngiri. Daktari huifunga njia hiyo baada ya kuitenga na mishipa ya damu na mrija wa mbegu, ambavyo kwa pamoja ni kama kamba inayoishikilia korodani. Jeraha likipona, kovu laweza kuikamata kamba hiyo. Mtoto hurefuka, nayo isirefuke.

Jambo hili ni nadra, lakini madhara yake si madogo. Mbegu za uzazi huhitaji joto lililo chini ya nyuzi 37 za Selsiasi za mwilini kwa nyuzi 2 hadi 4. Korodani ikikaa juu muda mrefu, uwezo wake wa kuzitengeneza hupungua.

Hata hivyo, si kila korodani inayopanda ina kasoro. Kwenye baridi msuli huivuta kwa muda, na mtoto akioga maji ya uvuguvugu hushuka. Ile isiyoshuka kabisa ndiyo ya kupelekwa hospitali. Kukanda hakuondoi kovu. Dawa yake ni upasuaji wa pili, wa kuifungua korodani na kuishikiza ndani ya mfuko wake.

Wapo watakaosema kwamba si vema kuwatia wazazi hofu kwa jambo la nadra. Lakini uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache, wala hauhitaji mashine. Yafaa basi daktari aandike mahali ilipo kila korodani kabla na baada ya upasuaji, awaeleze wazazi, na mtoto achunguzwe tena katika miaka ya kukua. Shule nazo zifundishe viungo hivi kwa majina yake, bila kicheko. Mvulana anayeona haya kuutaja mwili wake hataweza kusema kwamba kiungo kimoja hakipo mahali pake.