Msiuze Mbuzi kwa Ajili ya Kompyuta

Kijana anayetengeneza kaswida kwa kompyuta nyumbani hufika siku moja mbele ya wazazi wake na ombi zito. Husema kwamba mashine imechakaa, kwamba kinanda cha ndani ya kompyuta huchukua dakika nzima na zaidi kufunguka, na kwamba umeme ukikatika, kama ukatikavyo hapa Waa, hana budi kuanza kungoja upya. Mama huanza kuhesabu fedha za chama, na baba humtazama mbuzi aliyefungwa uani. Twaona ni vyema wazazi waifahamu asili ya kungoja huko kabla mbuzi hajauzwa, kwani aghalabu dawa yake ni nafuu kuliko mashine mpya, na pengine haina gharama kabisa.

Ni ala zipi zinazofaa na zipi zisizofaa, wanazuoni wamelijadili jambo hilo kwa mapana, nasi leo hatuingii humo. Hata aliyejifunga na dufu peke yake hukutana na tatizo hili.

Kinanda cha kompyuta ni mkusanyiko wa sauti za kweli zilizorekodiwa moja moja, nazo huitwa sampuli. Tuchukue mfano wa piano. Ina vibonye 88. Tuseme kila kibonye kilirekodiwa kwa viwango 10 vya nguvu, kuanzia mguso wa upole hadi pigo kali, na kila sauti ikaachwa ilie kwa sekunde 15. Hizo ni sampuli 880. Rekodi ya studio ya biti 24, yenye vipimo 48,000 kwa sekunde na njia mbili za sauti, hula baiti 288,000 kila sekunde. Ukizidisha, piano hiyo moja hufikia takriban gigabaiti 3.8. Diski ya kuzunguka isomayo megabaiti 100 kwa sekunde ingehitaji sekunde 38 kuisoma yote, ilhali diski ya SSD isomayo megabaiti 500 ingeimaliza kwa sekunde zisizofika 8.

Mwaka 1998 kampuni ya NemeSys ya Marekani ilitoa programu ya GigaSampler, iliyoleta njia ya busara. Kina mama wanaopikia shughuli wataielewa mara moja. Mpishi haburuti gunia zima la mchele hadi mekoni. Huweka ungo mmoja karibu naye, na huo ukianza kutumika, msaidizi huenda stoo kuleta mwingine. Programu nayo huweka mwanzo tu wa kila sampuli katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na kibonye kikiguswa mwanzo huo hulia papo hapo wakati sehemu iliyobaki inaletwa kutoka diskini. Mwanzo huo ukiwa kilobaiti 60, sampuli zetu 880 zitahitaji megabaiti 53 hivi, wala si gigabaiti 3.8.

Mbona basi kijana bado angoja? Kwa sababu diski ya kuzunguka ina mkono unaotembea kutafuta kila faili mahali pake. Kila safari ikichukua milisekunde 12, safari 880 ni zaidi ya sekunde 10, kwa ala moja tu. Wimbo wenye ala 12 za namna hiyo huvuka dakika mbili. SSD haina mkono wa kutembeza, na hapo ndipo faida yake kubwa ilipo.

Sasa tuzitaje dawa, tukianza na zisizo na gharama.

Kwanza, atazame diski ya nje imechomekwa wapi. Tundu la zamani la USB 2 hupitisha megabaiti 35 hadi 40 tu kwa sekunde. Tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, hupitisha nyingi zaidi, mradi diski na waya wake viwe vya aina hiyo.

Pili, apunguze asivyovihitaji. Kaswida nyingi hazigusi hata nusu ya vibonye vya piano. Programu kama Kontakt ina amri ya kuondoa sampuli zisizotumika: wimbo hupigwa mara moja toka mwanzo hadi mwisho, zilizoguswa hubakishwa, nyingine huachwa diskini. Akiihifadhi kazi yake baada ya hapo, siku ya pili itafunguka kwa wepesi.

Tatu, kama alihamisha mafaili kutoka folda moja hadi nyingine, programu hupoteza muda ikiyasaka. Kontakt ina amri ya kuhifadhi upya ala zote kwa pamoja, ili kila moja ijue sampuli zake zilipo. Atoe nakala kwanza.

Nne, programu ya kukinga virusi huweza kukagua kila sampuli inapofunguliwa. Folda ya ala iliyopatikana kwa muuzaji wake halali, na kukaguliwa mara moja, yaweza kutengwa na ukaguzi huo. Iliyonakiliwa mitaani isitengwe.

Hayo yote yakishafanywa na kungoja kukazidi, ndipo fundi aombwe kuweka SSD ndani ya kompyuta ileile. Hiyo ni gharama, lakini si gharama ya mashine nzima.

Lipo pia jambo ambalo twalipenda zaidi. Dufu lina mapigo machache. Kijana akirekodi mapigo manne ya dufu la madrasa yake, kila pigo mara tano, kila mara sekunde mbili, atapata sekunde 40 za sauti, yaani megabaiti 11 na nusu. Hufunguka kufumba na kufumbua hata kwenye mashine kuukuu, na sauti yake ni ya kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake irekodiwe. Leo dufu la Waa laweza kurekodiwa Waa.

Subira ni kwa lile lisilo na dawa. Hili lina dawa. Basi ombi likija, mzazi amuulize mwanawe maswali matatu: sampuli zako ziko diski gani, diski hiyo imechomekwa wapi, na kati ya ala ulizozifungua ni ngapi zinazolia kweli katika wimbo? Akiyajibu yote na bado anangoja, mzungumze habari ya SSD. Asipoyajibu, mbuzi na abaki uani.