Si Lazima Jiwe Liwe Barua

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wasomi, kwamba jamii isiyoacha maandishi haikuwa na fikra zilizostahili kuhifadhiwa. Dhana hii hujitokeza kila inapojadiliwa michongo ya Wapikti, watu waliokaa kaskazini na mashariki mwa Uskoti hadi karne ya 9.

Wapikti walichonga wanyama katika mawe kwa ustadi wa ajabu. Katika ngome yao ya pwani iliyokuwa Burghead, yalipatikana mawe yapatayo 30 yenye picha ya fahali, ingawa yaliyosalia ni 6 tu. Mistari michache iliyopinda yaonyesha bega na paja, na mnyama aonekana akitembea. Kwingineko mna samaki, nyoka, bata bukini na mbwa mwitu, pamoja na mnyama mmoja mwenye mdomo mrefu ambaye wataalamu wameshindwa kuafikiana ni yupi. Mara nyingi alama hizi hupangwa mbili mbili.

Mnamo 2010, Rob Lee na wenzake walichapisha utafiti wa kihisabati wakidai kwamba mpangilio huo ni wa maandishi ya lugha. Richard Sproat, mtaalamu wa isimu ya kompyuta, aliwapinga, akisema vipimo vya aina hiyo haviwezi kutenga hati na ishara nyinginezo.

Nikiwa mwanaisimu, naungana na Sproat. Utaratibu peke yake si lugha. Mfugaji ampigapo ng'ombe wake chapa, majirani humtambua mwenye mali, wala hapana sentensi iliyoandikwa. Huenda alama za Wapikti zilitaja watu au koo, kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo, hilo halitoshi kuzifanya hati.

Isitoshe, Wapikti hawakuwa wageni wa kuandika. Yapo mawe yao yenye hati ya Ogham, na jiwe la Drosten huko St Vigeans lina maneno kwa herufi za Kirumi. Fahali wa Burghead basi hakuchongwa kwa kukosa herufi. Alikuwa na kazi yake.

Walimu wenzangu wa historia na fasihi simulizi, tusiwafunze vijana kwamba heshima ya jamii hutokana na hati. Tukilazimisha kila jiwe liwe barua, tutakuwa tumekubali kimyakimya kipimo kile kile kilichotumiwa kuwadharau mababu zetu.