Brashi ya Viatu Nayo ni Chombo cha Kazi



Gazeti letu limezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo naomba nafasi niseme juu ya kitu kidogo, nacho ni brashi ya viatu. Najua wako watakaocheka. Watasema Lamu ni mji wa ndara na makubadhi, viatu vya kufunga kamba vyavaliwa na wachache, na brashi zimejaa madukani, basi kuna maneno gani tena? Maneno yapo. Brashi ni chombo cha kazi kama randa ya seremala au shoka la mkata boriti, na mfanya kazi anayetumia chombo kibovu hulipa ubovu huo kwa mshahara wake mwenyewe.

Tuwahesabu wanaoitumia. Yuko askari, mlinzi wa usiku, mwalimu, karani, mtumishi wa hoteli, na watoto wetu wanaotakiwa kwenda shule na viatu vyeusi vya ngozi. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu kufunguliwa mwezi wa Mei 2021, wako walinzi na makarani wa huko nao. Kisha yuko fundi viatu, na wako wenzetu wa Malindi na Mombasa wanaokaa kando ya barabara kupiga viatu rangi. Kwa hao brashi ndiyo shamba lao na ndiyo duka lao.

Wengi katika hawa huamriwa na mwenye kazi waje na viatu vinavyong'aa. Mlinzi akija na viatu vyenye vumbi hugombezwa mbele ya wenzake. Lakini ni matajiri wangapi wanaompa brashi na dawa ya viatu pamoja na yunifomu? Amri yatoka kwa tajiri, gharama yatoka mfukoni mwa mlinzi. Hilo ni jambo la chama, wala si la kuchekwa.

Sasa tuitazame brashi yenyewe. Nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo zina nywele za plastiki zilizoshikwa na vipini vya chuma ndani ya ubao mwepesi. Katika hewa yetu ya chumvi chuma hicho hushika kutu, tundu hulegea, na nywele hutoka kidogo kidogo zikabaki juu ya kiatu. Ubao ukiwa ulikatwa mbichi hupinda na kupasuka. Na nywele za plastiki zilizo nene hazishiki dawa sawasawa, huisukuma tu huku na huku na kuacha mikwaruzo juu ya ngozi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tuseme brashi ya shilingi 100 inadumu miezi 3, na brashi ya shilingi 300 inadumu miaka 2. Kwa miaka hiyo 2 mwenye brashi ya rahisi atanunua mara 8, atoe shilingi 800. Maskini ndiye aliyelipa zaidi.

Dawa ya jambo hili tunayo hapa visiwani, lakini kwanza tuondoe kosa moja la mawazo. Kila yanapotajwa mambo ya brashi watu husema, "Tuna minazi, tufanye brashi za makumbi." Ni kweli, usumba wetu ni mali. Mama zetu hufukia makumbi katika mchanga wa pwani, maji ya bahari yakayalainisha kwa miezi, kisha huyafukua, huyapiga kwa magongo na kupata nyuzi za kusokota kamba. Lakini uzi wa usumba ni mgumu. Wafaa kufagia, kusugua sakafu na kuondoa tope. Haufai kung'arisha ngozi. Tukiwauzia watu brashi ya usumba kwa kazi ya kung'arisha, wataijaribu mara moja, watarudi kwenye ya plastiki, na sifa yetu itakuwa imekufa.

Mtu wa Lamu ahitaji brashi mbili, si moja. Viatu vyake vimepita mchangani, vimeshuka mashuani, maji ya chumvi yamekauka juu yake yakaacha alama nyeupe. Akipaka dawa juu ya mchanga na chumvi, basi kila akisugua ni kama anapiga ngozi msasa. Kwa hiyo brashi ya kwanza iwe ya usumba, fupi na ngumu, ya kuondoa mchanga katika mshono na kisigino. Alama za chumvi zipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kiatu kikauke kivulini, ndipo ipakwe dawa kwa kitambaa. Brashi ya pili ni ya kung'arisha, nayo yataka nywele laini, nyingi, zilizoshikana. Na mwenye kupiga viatu vya rangi mbili awe na brashi ya kung'arisha kwa kila rangi.

Nywele hizo zitoke wapi? Mafundi wa brashi ulimwenguni husifu nywele za farasi, nasi farasi hatuna. Lakini tuna ng'ombe. Nywele za mkia wa ng'ombe hutumika katika kazi ya brashi, nazo ni ndefu na imara. Wazee wetu waliujua uzuri wa nywele za mkia walipotengeneza usinga. Bara yetu, upande wa Witu na Mpeketoni, ina mifugo, na ng'ombe huchinjwa kila siku. Mkia huliwa, nywele aghalabu hutupwa.

Hapa pana mambo mawili ya kuangaliwa sana. La kwanza ni la dini. Baadhi ya brashi za kutoka nje hufanywa kwa nywele za nguruwe, na huenda mnunuzi asiambiwe. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nywele hizo ni najisi. Kila mtu na dini yake, lakini kila mnunuzi ana haki ya kujua ashikacho mkononi. Brashi yetu iandikwe wazi ni ya nywele gani.

La pili ni la afya. Ugonjwa wa kimeta hukaa katika nywele na ngozi za mnyama aliyekufa nao, na vijidudu vyake huweza kuishi humo muda mrefu sana. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza askari wa Uingereza na Marekani walipata kimeta kwa brashi za kunyolea ndevu zilizofanywa kwa nywele chafu. Mwaka 1919 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta, na mwaka 1920 ikakataza kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Wanaoshika nywele hizi kila siku, kuzichambua na kuzichana, ni wafanya kazi, nao ndio wa kwanza kuugua. Kwa hiyo isinunuliwe nywele ya mzoga hata bure. Inunuliwe kichinjioni tu, kwa ng'ombe aliyekaguliwa na bwana afya au daktari wa mifugo. Kuosha kwa sabuni ni lazima kwa uchafu na mafuta, lakini mtu asidhani kwamba sabuni yaua kimeta. Kinga ni kujua mnyama ametoka wapi. Na tazama mambo yanavyokutana: ng'ombe aliyechinjwa sawasawa na kukaguliwa hana neno kwa shehe wala kwa daktari.

Sasa ubao na ushonaji. Karakana za kuchonga milango na masanduku mjini Lamu hutoa vipande vingi vya mbao visivyofaa mlango lakini vyatosha kabisa brashi. Ubao wa inchi 7 kwa 2 wahitajiwa tu, mradi umekauka vizuri kabla ya kutobolewa. Tundu hutobolewa kwa keekee, mdomo mpana upande wa nywele, mwembamba upande wa mgongo. Waya hupitishwa kutoka mgongoni, fungu la nywele za inchi 3 hutiwa katika kitanzi chake, kisha waya huvutwa kwa nguvu, nywele zikajikunja katikati na kuingia tunduni. Waya huo huo huendelea kwenye tundu la pili, la tatu, mpaka mwisho. Waliosikia habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, wataifahamu kazi hii mara moja, maana brashi hii hushonwa. Mgongoni hufunikwa kwa ubao mwembamba kwa gundi na parafujo, nywele zikakatwa sawasawa zibaki kama inchi moja.

Mambo manne yatafanya brashi yetu iipite ile ya rahisi. Waya uwe wa shaba, kwa ajili ya chumvi. Matundu yakaribiane, kwa kuwa brashi yenye nywele chache haing'arishi. Matundu ya ukingoni yainamishwe nje kidogo, ili nywele zikinge ubao usigonge kiatu. Na mgongo uwe wa mviringo, wenye mfereji pembeni pa kukaa vidole, kwa sababu mtu anayepiga jozi nyingi kwa siku huumwa kiganja na kifundo cha mkono akishika ubao wenye pembe kali. Hili la mwisho fundi hatalijua akikaa peke yake karakanani. Ataambiwa na mwenye kuitumia. Basi wawili hao wakae pamoja.

Labda mtu atasema, "Kazi ya mkono haiwezi kushindana na mashine." Kwa bei haiwezi, wala tusijaribu. Tukijaribu tutapunguza malipo ya anayeshona, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Kutia nywele katika brashi ni kazi inayoweza kufanywa nyumbani, na kazi ya nyumbani ndiyo inayonyonywa kwa urahisi. Uingereza iliyaona hayo. Mwaka 1906 gazeti la Daily News lilifanya maonyesho London kuwaonyesha watu kazi za nyumbani zilizolipwa ujira wa njaa, na washonaji wa brashi walikuwamo. Mwaka 1919 ndipo likaundwa baraza la kuweka mishahara ya kazi ya brashi na fagio. Lakini mafundi wa brashi wa nchi hiyo walikuwa na vyama vyao tangu zamani. Fundi mmoja wa Nottingham, William Kiddier, aliandika kitabu juu ya vyama hivyo yapata mwaka 1930. Mafundi hao walikuwa na orodha ya bei iliyopigwa chapa, kila namna ya brashi na malipo yake, ili tajiri asimwambie huyu hivi na yule vile. Jambo hilo twaweza kulifuata hapa Lamu bila ya kungoja serikali.

Basi nashauri mambo haya yapelekwe katika mkutano wa chama.

Kwanza, kila tunapofanya mapatano na mwenye kazi juu ya yunifomu, brashi na dawa ya viatu ziandikwe humo. Anayetaka viatu ving'ae na atoe chombo cha kung'arishia.

Pili, mafundi seremala, mafundi viatu na wapiga rangi wakutane, wapatane kipimo kimoja cha brashi ya usumba na kimoja cha brashi ya nywele. Zifanywe chache kwanza, zitumiwe miezi 6, zitazamwe zimepungua nini. Zisiuzwe kwa wingi kabla ya hapo.

Tatu, malipo ya mshonaji yapangwe kwa orodha kabla ya brashi ya kwanza kuuzwa, na yahesabiwe kwa saa anazotumia mtu wa kawaida, si kwa saa za yule aliye hodari kupita wote. Kina mama watakaoshona wawe wanachama kamili wenye kura, wasiwe wasaidizi wa waume zao.

Nne, anayetoboa mbao na anayechambua nywele wapewe kitambaa cha kuziba pua na mahali penye upepo. Vumbi la mbao na la nywele huingia mapafuni polepole, na mtu hashtuki mpaka kifua kimekwisha kuharibika.

Kazi hii haitamtajirisha mtu, wala haitaajiri Lamu nzima. Lakini itampa seremala faida katika vipande anavyochoma moto, itampa mama mmoja mmoja malipo ya haki, na itampa mpiga rangi chombo kisichomwaibisha mbele ya mteja. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana pwani nzima kwa kazi ya ngozi na viatu. Haifai nchi iliyofanya viatu vya sifa ingoje watu wa mbali wailetee brashi ya kuvipangusia.

Ninyi mnaotumia brashi, mje nazo katika mkutano ujao, hasa zilizovunjika. Ziwekwe mezani mbele ya mafundi, kila mtu aonyeshe yake imekufa wapi.

Wenu katika kazi,

Mwanachama, Lamu