Nirudie Kidato na Nani?

Baba mdogo anataka mwakani nihamie shule ya bweni nirudie kidato cha tatu. Yeye ndiye hulipa karo, simjibu ovyo. Tena ni kweli, hapa Awasi jioni nateka maji kwanza, na mafuta ya taa yakiisha, basi. Bweni nalitaka. Lakini nirudie na nani? Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4. Nyuma yetu ni Gredi ya 10. KCSE yetu ni 2027, tukipitwa tumepitwa. Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kurudishwa darasa. Hesabu inanilemea, sikatai. Afadhali pesa za godoro na sanduku aninunulie taa ya sola.