Wimbo Huo Una Mwenyewe



Najua wengi wenu mnapenda muziki wa kantri. Ibada ikiisha, ukipanda matatu kurudi nyumbani, Jim Reeves anaimba redioni, na yule mama aliyekuwa akikemea mapepo asubuhi anaitikia polepole. Sikukemei. Leo muziki huo utufundishe jambo.

Mwaka 1927, Ralph Peer, aliyefanya kazi na kampuni ya Victor, alipeleka mitambo ya kurekodi Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, Marekani. Alikuwa akitafuta waimbaji wa milimani. Miongoni mwa waliokuja walikuwa A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, mke wa ndugu yake. Wengi huhesabu siku zile kuwa mwanzo wa biashara ya kantri.

Santuri zikauzwa, na nyimbo zaidi zikahitajika. A.P. akaanza kuzunguka vijijini akikusanya nyimbo za zamani. Maneno aliweza kuyaandika, lakini tuni zilimponyoka. Ndipo akampata Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyekuwa amepoteza mguu katika ajali kazini. A.P. aliandika maneno, Riddle akahifadhi tuni kichwani. Walizunguka pamoja katika Marekani ya ubaguzi wa rangi. Riddle alikaa nyumbani kwa akina Carter, na Maybelle akajifunza gitaa kwake.

Nyimbo zilitoka kwa jina la Carter. Mwaka 1965 mwanamuziki Mike Seeger alimtafuta Riddle, akamkuta Rochester, New York, akiwa ameshaacha gitaa. Miaka mitano baadaye, 1970, akina Carter waliingizwa kwenye Country Music Hall of Fame.

Simwiti A.P. mwizi. Alikuwa rafiki wa Riddle, na kuzunguka kukusanya nyimbo ni kazi. Lakini mtu aweza kukupenda, akakulisha mezani kwake, na bado akasahau kuandika jina lako. Hilo ndilo linanisumbua, maana nimelifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kwaya aliniletea pambio alilolitunga usiku, mama yake akiwa mgonjwa. Tukalirekodi. Kwenye jalada tukaandika jina la kanisa, na jina langu kama mlezi. Lake halikuwepo. CD ziliuzwa, tukanunua spika. Yeye alipewa nauli ya kwenda studio.

Baadaye aliacha kwaya, kisha akahama. Nilipompigia simu kuomba msamaha, alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, mimi nilidhani wimbo haukuwa mzuri."

Wapendwa, nililia.

Utaniambia, "Pasta, si utukufu ni wa Mungu?" Ndiyo, wote ni wake. Lakini Mungu huyo huyo alitaka majina yaandikwe. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25. Asafu, Hemani na Yeduthuni wametajwa pamoja na wana wao, na waimbaji wakahesabiwa hadi 288. Kisha soma Yakobo 5:4 uone jinsi ujira uliozuiliwa unavyolia mbele za Bwana. Tusitumie utukufu wa Mungu kuficha deni letu.

Dolly Parton alilijua hilo. Aliandika "I Will Always Love You" mwaka 1973. Elvis Presley alipotaka kuurekodi, meneja wake alidai nusu ya haki za wimbo. Dolly alilia, lakini akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba ukaenda dunia nzima, na haki zilikuwa bado za mwandishi. Hicho si kiburi. Ni kutunza ulichopewa.

Basi kiongozi wa sifa, Jumapili hii, kabla hujaanzisha wimbo, taja aliyeutunga. Ukiuweka YouTube, andika jina lake. Kabla ya kuingia studio, kaeni chini mwandikiane nani ametunga, na pesa zikija zitagawanywaje. Na wewe mtunzi kijana, usione haya kuuliza.

Sisi tumeanza. Jina la yule kijana sasa liko kwenye wimbo wake, na tumeanza kumlipa.

Baba, tusamehe tuliokula jasho la wenzetu tukilibariki kwa jina lako. Tufundishe kurudisha. Katika jina la Yesu, Amina.

Kuna mtu alikutungia wimbo uliokuinua? Mtaje jina hapa chini. Mbarikiwe.